Dishi Moja, Vyumba Viwili

Mlali ninayoizungumzia ni hii ya Kongwa, mkoani Dodoma, si ile ya Mvomero kule Morogoro. Huku kwetu, mahindi na alizeti vikishauzwa Kibaigwa, ndipo nyumba nyingi hukumbuka ahadi za mwaka mzima: bati, godoro, na siku hizi televisheni ya pili. Ya kwanza ipo sebuleni, ina king'amuzi chake na dishi lake limesimama uani. Ya pili inatakiwa chumbani kwa bibi ambaye magoti hayamruhusu tena kukaa sebuleni hadi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, au chumbani kwa vijana ambao siku Simba na Yanga wakikutana hawataki kusikia habari ya tamthilia. Basi anaitwa fundi. Fundi anaangalia dishi, anaangalia paa, kisha anasema: "Mzee, hapa tufunge na dishi la pili."

Mara nyingi halihitajiki. Dishi ni chuma kilichopindwa ili kikusanye mawimbi na kuyaelekeza sehemu moja. Mawimbi yakishakusanywa yanatosha king'amuzi kimoja, viwili, hata vinne. Kinachoongezwa kwa ajili ya chumba cha pili ni kile kichwa kilichoko kwenye ncha ya mkono wa dishi, pamoja na waya na king'amuzi. Na kuna nyumba ambazo hata vitu hivyo vyote havihitajiki, ila mwenye nyumba hajaulizwa swali moja la msingi: watu wa chumba cha pili wanataka kuona kilekile kinachoonekana sebuleni, au wanataka chao?

Tuanze na wanaoridhika na kilekile. Huyu bibi anayetaka taarifa ya habari, wakati sebuleni nako wanaangalia taarifa hiyohiyo, hana haja ya king'amuzi cha pili wala malipo ya pili ya mwezi. Anahitaji waya unaotoka nyuma ya king'amuzi kilichopo hadi kwenye televisheni yake. Geuza king'amuzi chako utazame mgongo wake. Ving'amuzi vingi vina tundu la HDMI, na vingi vina pia AV, yaani ama matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe, ama kitundu kimoja kidogo kama cha spika za masikioni, ambacho waya wake unagawanyika mara tatu mbele. Sebule ikitumia HDMI, AV inabaki bure, na mara nyingi hutoa picha wakati huohuo. Huo ndio waya wa kumpelekea bibi. Picha yake haitakuwa na ukali wa ile ya HDMI, lakini kwenye televisheni ya inchi 24 au 32 anayeitazama akiwa kitandani hatalalamika. Hakikisha tu televisheni yake ina matundu ya kuupokea, maana baadhi ya televisheni mpya nyembamba zimeondolewa AV.

Ukitaka vyumba vyote viwili vipate picha kali, kuna kisanduku kidogo cha kugawa HDMI: unaingia waya mmoja, zinatoka mbili. Tatizo la HDMI ni umbali. Waya wa mita tano hausumbui, wa kumi uwe wa ubora mzuri, na ukizidi kumi na tano picha huanza kukatika au kutoonekana kabisa. Hapo watu hutumia jozi ya visanduku vinavyopitisha HDMI kwenye waya wa kompyuta, ule wenye nyuzi nane ndani, ambao hufika mbali zaidi. Ving'amuzi vya zamani vilikuwa na tundu la kutolea mawimbi kama ya antena. Kama chako bado kinalo, una bahati, kwa sababu waya wa dishi wa kawaida unaweza kubeba picha hiyo hadi chumba cha mwisho kwa gharama ndogo kuliko njia zote nilizotaja.

Njia hii ya kugawana king'amuzi kimoja ina kero moja, nayo ni rimoti. Bibi akitaka kubadilisha chaneli, atamwita mjukuu. Vipo vifaa vya kurusha amri ya rimoti kutoka chumbani hadi sebuleni, na vingine huja ndani ya visanduku vya HDMI nilivyovitaja. Lakini jambo la kutafakari ni je, akibadilisha yeye, waliopo sebuleni watanyamaza? Kama unajua hawatanyamaza, usipoteze pesa kwenye waya. Nenda moja kwa moja kwenye king'amuzi cha pili.

Hapo ndipo makosa mengi hufanyika, na kosa kuu lina jina: spilita. Ni kile kipande cha chuma chenye tundu moja upande huu na mawili upande ule, kinachouzwa karibu na betri za rimoti kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Fundi anakata waya uliopo, anafunga spilita, anatoa nyaya mbili. Anawasha king'amuzi cha kwanza, picha safi. Anakizima, anawasha cha pili, picha safi. Analipwa, anaondoka. Jioni vyote viwili vikiwashwa pamoja, chaneli nusu hazipo, na zilizopo zinatoweka kila mtu wa chumba kingine anaposhika rimoti.

Sababu yake inaeleweka ukijua kinachopita kwenye waya ule. Kile kichwa cha dishi, ambacho mafundi hukiita LNB, kinapokea mawimbi ya setilaiti yenye masafa ya juu mno, kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, ambayo waya wa kawaida hauwezi kuyabeba. Kinayashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150, kisha kinayatuma ndani. Lakini hakitumi yote kwa pamoja. Setilaiti hurusha mawimbi ya kusimama na ya kulala, na kila aina ina sehemu ya chini na ya juu, kwa hiyo kuna mafungu manne. Kwenye waya mmoja linapita fungu moja tu. King'amuzi ndicho kinachochagua: kikipandisha volti 13 kwenye waya, LNB inatoa mawimbi ya kusimama, kikipandisha volti 18, inatoa ya kulala, na kikiongeza mlio mdogo wa kilohezi 22 ambao sikio halisikii, LNB inahamia sehemu ya juu. Kila unapobonyeza chaneli, amri hizo zinapanda juu ya dishi hata kama huzijui.

Sasa weka ving'amuzi viwili kwenye spilita moja. Cha sebuleni kinadai volti 13, cha chumbani kinadai 18. LNB ni ileile, na iko kama punda mmoja anayevutwa na watu wawili, huyu kisimani, yule sokoni. Mwenye volti kubwa anashinda, na mwenzake anaona maandishi ya kukosa mawimbi kwenye kioo. Zipo spilita zinazoruhusu umeme upande mmoja tu. Hizo huondoa ugomvi kwa kumfanya wa pili awe mfuasi daima: atapata tu chaneli zilizo kwenye fungu alilochagua wa kwanza.

Dawa ni LNB yenye midomo miwili. Madukani inaitwa twin, na ile yenye midomo minne inaitwa quad. Ndani yake ni kama zimo LNB kamili mbili au nne, kila mdomo na amri zake. Kila king'amuzi kinapata waya wake kutoka juu ya dishi hadi nyuma yake, bila kukatwa na bila kuunganishwa njiani. Ushauri wangu, nunua ya midomo minne hata kama leo una vyumba viwili. Tofauti ya bei si kubwa, na mdomo usiotumika unafungwa kwa kifuniko chake cha mpira usiingie maji. Ukimwambia muuzaji, taja pia kampuni ya king'amuzi chako, kwa kuwa baadhi ya ving'amuzi vinahitaji LNB za aina yake na nyingine hazielewani navyo.

Upande wa malipo, king'amuzi cha pili kina namba yake na kwa kawaida kina malipo yake ya mwezi. DStv wana mpango uitwao XtraView unaounganisha ving'amuzi vyako chini ya akaunti moja, ukilipa kifurushi kimoja na nyongeza, badala ya vifurushi viwili kamili. Masharti yake ni kwamba ving'amuzi viwe vya aina inayokubali, na katika ufungaji wa kawaida kuna waya mwembamba wa ziada unaotoka kimoja kwenda kingine. Kwa kampuni nyingine, piga simu huduma kwa wateja kabla ya kununua chochote na uulize swali hili kwa maneno haya: "Nina king'amuzi kimoja, nikiongeza cha pili nyumba hiyohiyo nitalipa nini kila mwezi?" Jibu la fundi kuhusu bei za kampuni lisikutoshe. Na kama sebuleni ni Azam na chumbani unataka DStv, hapo ndipo kweli utahitaji dishi la pili, kwa sababu ni setilaiti mbili zilizoachana sana angani.

Hilo la setilaiti linafaa kuelezwa kidogo, maana nyumba za Mlali ziko mahali pa pekee. Setilaiti hizi ziko juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na kila moja hutajwa kwa longitudo ambayo yenyewe imesimama juu yake. Ile inayobeba DStv kwa upande wetu iko digrii 36 mashariki. Mlali yenyewe iko kati ya longitudo 36 na 37, digrii sita na kitu kusini mwa ikweta. Maana yake setilaiti hiyo iko karibu utosini mwetu, digrii 82 hivi kutoka upeo wa macho, imeinamia kaskazini kidogo tu. Ndiyo maana dishi la DStv huku limelala chali, na mgeni akiliona hudhani upepo umeliangusha. Azam iko digrii 7 mashariki, kwa hiyo kwetu ni upande wa magharibi, ukielekea kaskazini kidogo, na juu ya digrii 55 hivi. Dishi lake limesimama zaidi. Usijaribu kukisia kwa kutazama dishi la jirani mwenye kampuni nyingine.

Faida ya kuwa karibu na ikweta ni kwamba vilima haviwezi kukuzuia. Nimesikia watu wa chini ya mlima wakiambiwa hawatapata mawimbi. Hakuna kilima Kongwa nzima kinachofunika anga hadi digrii 55 kutoka uani kwako, labda ujenge ukiwa umeegemea jabali. Kinachozuia ni mti. Mwarobaini ulioupanda miaka mitano iliyopita kwa ajili ya kivuli leo unaweza kuwa umefika mbele ya dishi la Azam, na majani mabichi yaliyoloa maji hula mawimbi vibaya. Ukiona picha inakatika msimu wa mvua tu, na hata mvua ikishakata, tazama matawi kabla ya kulaumu LNB.

Kwa kuwa unaongeza nyaya, huu ndio wakati wa kukagua mahali dishi liliposimama. Nyumba za bati wengi hulifunga kwenye mbao za paa au ukutani. Kwenye nyumba ya tembe, paa la udongo si mahali pa kugongea misumari mirefu. Simamisha bomba uani. Na mimi hata kwa nyumba ya bati napendelea bomba la uani, kwa sababu upepo wa Dodoma hauna mzaha. Kuanzia Juni hadi Oktoba unavuma siku nzima, na dishi la sentimita 90 likisogea digrii mbili tu hukuti kitu. Bomba liwe la chuma kizito, lizamishwe kwenye zege, na lisimame wima kabisa kwa kupimwa kwa timazi au pima maji. Bomba lililoinama hufanya kazi ya kutafuta setilaiti iwe mateso. Udongo wa huku kiangazi hushindana na sururu. Ndio huohuo uliotafuna majembe ya Waingereza pale Kongwa kwenye mradi wao wa karanga baada ya vita kuu ya pili. Mwaga maji kwenye alama ya shimo jioni, uchimbe asubuhi.

Waya sasa. Omba RG6, na mwambie muuzaji akuoneshe uzi wa katikati. Kuna wa shaba tupu na kuna wa chuma kilichopakwa shaba. Kwa mita kumi zote zitafanya kazi. Kwa chumba cha pili, ambacho mara nyingi kiko mbali zaidi na dishi, shaba tupu ni bora kwa sababu ndiyo inayobeba pia zile volti za kuchagua mafungu bila kuzipunguza sana. Jitahidi usizidi mita 30 kutoka LNB hadi king'amuzi.

Kumalizia ncha ni kazi ndogo inayoharibu mambo makubwa, na hapa simama karibu na fundi umtazame. Anachuna ganda la nje kama sentimita moja na nusu. Anarudisha nyuma nyuzinyuzi zote za wavu, bila kubakiza hata moja mbele, kwa sababu unywele mmoja ukigusa uzi wa katikati umeunganisha volti za king'amuzi moja kwa moja, na king'amuzi kinaweza kufa, au mdomo wa LNB. Anachuna ile plastiki nyeupe, anazungushia konekta hadi nyeupe ionekane ndani sawa na sakafu yake, kisha anakata uzi wa shaba utokeze milimita mbili au tatu. Ukiwa mfupi haugusi. Ukiwa mrefu unaharibu tundu. Kule juu kwenye LNB, konekta ifunikwe kwa kofia ya mpira au tepu nyeusi ya umeme iliyozungushwa kuanzia chini kupanda juu, ili maji yateleze. Na kabla ya waya kuingia ukutani, aache kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu. Matone yanadondokea hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye king'amuzi. King'amuzi chochote kizimwe na kuchomolewa kwenye soketi kabla ya kugusa konekta yoyote.

Njia ya waya nayo ina maadui. Panya wa darini wanapenda ganda lake. Mbuzi anatafuna kilichoning'inia usawa wa mdomo wake, na punda wa maji akipita na madumu anaweza kuondoka na mita tatu. Pitisha juu kabisa ya ukuta kwa vibanio vya misumari, au chini ndani ya bomba la plastiki. Usiukunje kwa pembe kali, na usiupitishe katikati ya bati mbili zinazosuguana kwa upepo.

Masika yetu, Desemba hadi Aprili, huja na radi. Chuma kilichosimama peke yake uani kiunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini; hilo haliondoi hatari yote, lakini linapunguza. Wingu likikusanyika, chomoa plagi na pia waya wa dishi kwenye ving'amuzi vyote viwili. Wengi huchomoa cha sebuleni wakasahau cha chumbani. Radi ikishaanza kupiga karibu, usiguse tena nyaya hizo.

Kwa wanaotumia sola, piga hesabu kabla: televisheni ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 60, na king'amuzi huongeza kama 10 hadi 20. Chumba cha pili kinaweza kumaliza betri kabla ya taarifa ya habari.

Jambo jingine, ili usimlipe mtu bure: karibu na Machi 21 na Septemba 23 kila mwaka, kwa siku chache, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na kuifunika kwa kelele zake. Picha hupotea dakika kadhaa kisha hurudi yenyewe. Kwetu hutokea mchana saa sita na nusu hivi kwa DStv, na kukaribia saa tisa alasiri kwa Azam. Ukiona hivyo, subiri.

Vijana wenye simu wanaweza kutumia programu za kampuni hizi kwenye intaneti badala ya haya yote. Kwa mechi moja ya wiki, bando linaweza kuwa nafuu. Kwa kila jioni, waya ni nafuu.

Fundi akimaliza, usitoe pesa kwanza. Washa televisheni zote mbili kwa pamoja. Sebuleni mtu apande chaneli moja moja kwenda juu, chumbani mwingine ashuke kwenda chini, kwa dakika kumi nzima. Fungua menyu ya kila king'amuzi uangalie vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wake. Nguvu kubwa yenye ubora mdogo maana yake dishi au LNB haijakaa sawa, hata kama picha inaonekana leo. Mwambie apande tena, alegeze kichwa, akizungushe polepole huku wewe ukimsomea namba kwa sauti, hadi ubora uache kupanda. Bila hivyo, wingu la kwanza la Desemba litamrudisha, na safari hiyo atakutoza upya.